Kujibu shairi la mwenzako mtandaoni: mwongozo kamili kwa watunzi chipukizi

Shairi linawekwa kwenye kundi la WhatsApp saa tatu usiku. Kufikia asubuhi limepata vidole gumba kumi na viwili, mioyo minne na "Hongera malenga, kalamu yako isikauke." Mtunzi anafurahi, lakini hajui kama kuna hata mmoja aliyefika ubeti wa tatu. Wiki ijayo ataleta shairi jingine lenye makosa yale yale, nalo litapata vidole gumba vile vile.

Msimamo wa mwongozo huu ni mmoja: jibu la shairi huanza kwa kusoma kwa sauti na kuhesabu. Sifa zije baadaye, tena ziwe na anwani, yaani zitaje ubeti, mshororo na kipande. Mifano mingi hapa ni ya tarbia, shairi la mishororo minne lenye mizani (silabi) nane ukwapi, yaani kipande cha kwanza cha mshororo, na nane utao, kipande cha pili, kwa kuwa wengi huanza nalo. Shairi huru lina sehemu yake huko mbele.

KABLA HUJALIWEKA SHAIRI LAKO

Ukitaka maoni mazuri, msaidie msomaji kwanza. Kila mshororo uanze mstari wake, baada ya ukwapi weka koma, na kati ya ubeti na ubeti ruka mstari mmoja. Koma hiyo si urembo. Kioo cha simu ni chembamba, mshororo wa mizani kumi na sita haukai kwenye mstari mmoja, hivyo simu huukata popote inapotaka. Bila koma msomaji hajui ukwapi umeishia wapi, na ataona kosa la kina (silabi ya mwisho wa kipande inayolingana na ya wenzake) pasipo na kosa.

Zima kisahihishi cha simu kabla ya kuandika. Hakijui inkisari (kufupisha neno) wala lahaja, kitakubadilishia neno katikati ya kina bila wewe kuona. Ukishatuma, WhatsApp hukupa dakika kumi na tano za kuhariri ujumbe. Zitumie kulisoma shairi upya likiwa kundini, maana kuna makosa yasiyoonekana mpaka ujumbe uwe umekwenda.

Beti tano hadi saba zinatosha kwa shairi linaloombewa maoni. Likizidi urefu, simu huficha sehemu yake nyuma ya "soma zaidi", na wengi hawabonyezi.

Juu ya shairi andika mstari mmoja wa kusema unataka nini. "Nikagueni mizani na vina." Au: "Mizani nimeshahakikisha, niambieni kama fumbo la ubeti wa tatu linafumbuka." Au: "Hii ni rambirambi, naiweka tu." Mstari huo unazuia nusu ya ugomvi wa makundi ya ushairi, kwa sababu ugomvi mwingi huanza pale mtu alipotaka kupozwa akapewa hesabu, au alipotaka hesabu akapewa pole.

Kuhusu ukubwa wa kundi, WhatsApp huruhusu watu 1,024, lakini kundi la kukosoana halihitaji zaidi ya watu sita hadi kumi. Kubwa liachieni maonyesho. Ndani ya hilo dogo wekeni sharti: kabla hujaweka shairi moja, uwe umejibu mawili ya wenzako. Kila mtu akilishika, kila shairi litapata majibu mawili kwa wastani, na hakuna atakayeachwa akingoja. Wanaoweka kila siku bila kujibu ndio wanaoua makundi haya, hata kama wanatunga vizuri.

KUSOMA MARA TATU

Mara ya kwanza soma kwa macho tu, upate habari. Mara ya pili soma kwa sauti, ukighani, yaani ukiliimba, kama unajua mahadhi yoyote ya mashairi. Kughani ndicho kipimo cha haraka kuliko vyote. Mshororo uliopungua mizani utakulazimisha uvute silabi ambayo haikutaka kuvutwa, na uliozidi utakufanya ukimbie. Weka alama kila unapokwama. Mara ya tatu ndipo uhesabu, na si lazima uhesabu shairi zima, anza na pale ulipokwama.

Tuchukue ubeti huu, wa aina tunayokutana nayo kila msimu wa mvua:

Masika yameshafika, mto umejaa pomoni,
Daraja limeanguka, watu wako kilioni,
Watoto wanateseka, hawafiki shuleni,
Viongozi tunataka, daraja letu jengeni.

Ukighani utakwama mara mbili. Utao wa kwanza: m-to-u-me-ja-a-po-mo-ni, mizani tisa. Utao wa tatu: ha-wa-fi-ki-shu-le-ni, saba. Vipande vingine vyote ni nane. Vina viko sawa, -ka katikati na -ni mwishoni.

Hapo kwenye "mto" ndipo wengi hupotea. M inayosimama yenyewe mbele ya konsonanti ni mizani kamili: m-tu, m-ke, m-ko-ba, m-mo-ja. Lakini mb na nd zinapotamkwa kwa pamoja hazigawanyiki: mba-li, nde-ge, mbi-li. Kwa hiyo mbuzi ana mizani mbili na mbunge ana tatu, m-bu-nge. Nchi ni mbili, nne pia ni mbili. Irabu zinazofuatana huhesabiwa kila moja: ka-a, sa-a, du-a, sha-i-ri.

Yapo maneno yenye konsonanti mbili za kigeni zinazokutana katikati, kama labda, daftari na maktaba. Wapo wanaoyapa mizani tatu, nne na nne, wapo wanaoyapunguza. Hapa usimhukumu mtunzi kwa hesabu yako. Angalia kama yeye ana hesabu moja shairi zima. Akihesabu labda kuwa tatu ubeti wa kwanza na mbili ubeti wa tano, hapo una haki ya kusema.

Vina vikague kwa sikio na kwa jicho. Wanaochanganya r na l wakiandika huweza kuweka hari na hali kwenye vina vya -li bila kujua kwamba kina kimevunjika. Jambo jingine ni hiki kina cha -ni, ambacho Kiswahili hukitoa bure: nyumbani, shuleni, njooni. Hakuna kosa kukitumia. Ila shairi la beti saba lenye -ni tupu mwishoni huchosha, na mtunzi aliyekwisha kukomaa anaweza kuambiwa ajaribu kina cha silabi mbili, kama darasani na hisani. Anayeanza mwache kwanza.

Mwisho kagua kibwagizo, yaani mshororo unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti. Usikisome peke yake. Kisome mara moja baada ya kila ubeti, kwa sababu kasoro yake hujitokeza mbali. Kibwagizo kilichokaa vizuri ubeti wa kwanza mara nyingi huwa kinaning'inia ubeti wa nne, mtunzi amekwisha kuhamia jambo jingine na kibwagizo kimebaki nyuma kikirudia lile la kwanza.

KABLA HUJASEMA "HILI NI KOSA"

Mtunzi ana uhuru wake. Inkisari hufupisha: aliyesema huwa alosema, yaliyobaki huwa yalobaki. Mazda hurefusha: afya huwa afiya. Maneno hupanguliwa mpangilio ili kina kipatikane. Hivyo vyote ni halali, na mwenye kuvisahihisha huonekana hakusoma mashairi.

Lahaja nazo ziheshimu. Mtunzi wa Mombasa au Lamu akiandika mato, nti, ndoo au yeo, hakukosea macho, nchi, njoo na leo. Kumsahihisha ni kumfuta. Swali la haki ni moja tu: je, ameshika lahaja hiyo shairi zima, au amekwenda kuiazima pale kina kilipombana? Anayeandika Kiswahili cha Dodoma beti sita kisha akatumbukiza "mato" kwenye ubeti wa saba kwa sababu ametafuta -to, mwulize kwa upole.

Inkisari nayo ina mpaka wake. "Mejaa" inaweza kuwa nimejaa, umejaa au imejaa. Inaeleweka tu pale mtenda anapokuwa jirani yake, kama "mto mejaa". Ukimtupa mtenda ubeti uliopita, msomaji atapotea.

KUANDIKA MAONI YENYEWE

Mambo matatu kwa shairi moja: kilichokukaa, kilichokukwaza, na swali. Hata ukiona makosa tisa, chagua. Mtu akipewa makosa tisa kwa mara moja hurekebisha yale mepesi na kuliacha lile zito, au huliacha shairi zima.

Tumieni namba fupi ili msizungushane. "1:3 utao" ni ubeti wa kwanza, mshororo wa tatu, kipande cha pili. Kwa ubeti wetu wa daraja, maoni yanaweza kuwa hivi:

"Ndugu malenga, nimelisoma mara tatu, moja kwa sauti. 1:2 ukwapi imenikaa, daraja linaanguka mapema na shairi linapata uzito hapo hapo. 1:1 utao una mizani 9 na 1:3 utao una 7, jaribu kughani utasikia. Swali langu ni 1:2 utao: hawa watu walioko kilioni, ukiwatazama pale mtoni unawaona wakifanya nini?"

Swali hilo la mwisho ndilo lenye kazi kubwa. "Watu wako kilioni" haina kosa la mizani wala la kina, na mkaguzi wa hesabu tupu angeipitisha. Lakini ni maneno yanayofaa msiba wowote, mafuriko, njaa au moto. Hakuna aliyeona kitu. Usimwambie "hapa pamepwaya, weka hivi." Mwulize aliona nini, kisha umwache aende. Mtunzi aliyekuwepo mtoni ana jibu ambalo wewe huna.

Kipo na kibwagizo. "Viongozi tunataka, daraja letu jengeni": hilo "tunataka" limeitwa kuja kujaza kina cha -ka, halina kazi nyingine. Hili liweke akiba mpaka mtunzi arudi na marekebisho, maana tayari umempa mambo matatu. Tuseme amerudi, na mzunguko wa pili umeisha hivi:

Masika yameshafika, mto mejaa pomoni,
Daraja limeanguka, twavuka mwana begani,
Watoto wanateseka, hawaendi darasani,
Viongozi mlotaka, kura zetu, lijengeni.

Tazama kilichobadilika. Inkisari moja imeponya mshororo wa kwanza. "Hawaendi darasani" imefikisha nane bila kuhama maana. "Twavuka mwana begani" imemtoa mtunzi kwenye kilio cha jumla ikamweka ndani ya maji. Na "tunataka" imekuwa "mlotaka", yaani mliotaka, neno lile lile la -ka sasa lina mwiba. Kitu kimoja tu cha kumwonya: kibwagizo hiki kinasema "lijengeni" bila kulitaja daraja, kwa hiyo kila ubeti utakaofuata lazima uwe umelitaja kabla ya kufika mwisho.

Maoni yanayoharibu ni ya aina chache, na yanajulikana. Kuna la kumwandikia mtu shairi lake upya, ukamrudishia lako lenye jina lake. Kuna la kukosoa msimamo badala ya utunzi, mtu kaandika juu ya mahari wewe unamjibu juu ya mahari, mizani hujaigusa. Kuna la kumchukulia "mimi" wa shairi kuwa ndiye mtunzi: dada kaandika shairi la mke aliyeachwa, kesho yake anapokea pole, ushauri wa ndoa na wachumba watatu pembeni. Shairi la mapenzi lijibiwe kama shairi. Anayetaka kutongoza atafute mahali pengine, na msimamizi wa kundi awe tayari kumtoa.

Kwa mzee aliyekuzidi umri au mwalimu aliyekufundisha, anza na shikamoo yake, kisha peleka kasoro pembeni, si mbele ya kundi, na kwa sura ya swali: "Mzee, 4:2 ukwapi nimehesabu tisa, au nimekosea mimi?" Mara nyingine utakuwa umekosea wewe.

KUJIBU SHAIRI KWA SHAIRI

Hii ndiyo heshima kubwa unayoweza kumpa mtunzi, na ni ya zamani kuliko simu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walirushiana beti wakati miji yao ikihasimiana. Baadaye gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji, na mtu wa mji mmoja akamjibu wa mji mwingine ambaye hajapata kumwona.

Kanuni za kujibu ni chache. Shika bahari yake, yaani aina ya shairi lake: kama yeye ametunga tarbia ya nane kwa nane, usimjibu kwa utenzi. Shika vina vyake ukiweza, angalau katika ubeti wa kwanza, kwa sababu hapo ndipo wasomaji wanapotambua kwamba hili ni jibu. Beti zako zisizidi zake. Na chagua hoja yake moja ya kupokea au kupinga. Jibu linalogusa kila kitu huwa halijibu chochote.

Namna ya kuanza: kabla hujaandika mshororo wowote, jaza karatasi maneno kumi na mawili yanayoishia kwa kina chake cha kati na mengine kumi na mawili ya kina cha mwisho. Kisha futa yale aliyokwisha kuyatumia. Kwa ubeti wa daraja, yanaondoka yameshafika, limeanguka, wanateseka, mlotaka, na upande wa pili pomoni, begani, darasani, lijengeni. Kuyarudia kwenye vina ni kama kumrudishia jirani bakuli likiwa na chakula chake mwenyewe. Katika yaliyobaki tafuta matatu yanayofungua hoja yako, ndipo uanze.

Tuseme unaona kwamba lawama yote haiwezi kuwa ya viongozi. Mchanga ukichimbwa chini ya daraja, msingi wa nguzo hubaki wazi, mvua ya kwanza kubwa ikija nguzo hulala. Basi:

Jibu: Daraja letu

Ujumbe nimeushika, nimesoma kwa makini,
Malori yaliyoshuka, kuzoa mchanga chini,
Nani kayapa baraka, mchana petu machoni?
Nasi tungewajibika, lingesimama mtoni.

Hesabu mwenyewe. Kisha tazama mambo mawili. Kibwagizo hakisemi "daraja", kinalichukua kutoka kwenye shairi la mwenzako, "lijengeni" imejibiwa na "lingesimama". Ndivyo jibu linavyofungamana na lililolitangulia. Lakini jibu hilo likisambazwa peke yake kwenda kundi jingine, "lingesimama" haitaeleweka, na ndiyo sababu ya kichwa "Jibu: Daraja letu". Kichwa cha jibu kibebe kichwa cha shairi la kwanza, siku zote. Tumia pia kitufe cha kujibu cha WhatsApp ili ubeti wake uonekane juu ya wako, la sivyo ukipita ujumbe hamsini hakuna atakayejua unajibu nini.

La pili ni kwamba jibu halijamshutumu mtunzi. Limesema "nasi". Malumbano mazuri humpinga mtu na bado yakamwachia mahali pa kusimama.

TAKHMISA

Kama huna hoja ya kupinga na unataka tu kulipamba shairi la mwenzako, mtilie takhmisa, yaani ulikuze liwe la vipande vitano. Unachukua vipande vyake viwili, unavitangulizia vitatu vyako vyenye kina cha kipande chake cha kwanza, na ubeti unakuwa wa mitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, alifanya hivyo kwa beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa kale wa pwani. Kwa mshororo wetu wa kwanza:

Mbingu zimefunikika,
Ngurumo zimesikika,
Na mbegu hatujazika,
Masika yameshafika,
Mto mejaa pomoni.

Maneno ya mwenzako hayakuguswa, lakini sasa wanaozungumza ni wakulima waliochelewa shamba. Hilo ndilo la kutafuta: vipande vyako vitatu vilipe neno lake kazi mpya. Takhmisa inayorudia alilosema, kwa maneno mengine tu, haina haja. Vipande vyake viandike kwa herufi nzito, weka nyota mwanzo na mwisho wake, ili asomaye ajue kipi ni cha nani. Na mwombe ruhusa kwanza, sentensi moja inatosha: "Naomba nikutilie takhmisa ubeti wa kwanza."

MALUMBANO YASIGEUKE UGOMVI

Zamani jibu lilisubiri toleo lijalo la gazeti. Hasira ilipoa njiani, na mtunzi alikuwa na siku za kutosha kuhesabu mizani. Siku hizi jibu linakuja baada ya dakika tano, na ndiyo maana beti zake hazihesabiki. Wekeni muda wa lazima, saa ishirini na nne kati ya shairi na jibu lake. Mizunguko iwe mitatu kwa kila upande, kisha mwenye shairi la kwanza atoe kaditama, yaani ubeti wa kufungia, na mada ifungwe. Mwachieni yeye neno la mwisho, kwa kuwa ndiye aliyeleta mada.

Mafumbo yana hatari yake. Mtunzi akiandika juu ya "fisi aliyevaa kanzu", watu watano kundini watajiona wao ndio fisi. Sharti liwe hili: anayedhani amefumbwa amwulize mtunzi pembeni, asijibu kwa ubeti mpaka apate jawabu. Na majibu yasiguse kabila, ukoo, dini wala maumbile ya mtu. Msimamizi akiona yamegusa, afute shairi zima na amweleze mtunzi pembeni sababu, asianze kujadili kundini ubeti upi ubaki.

MASHAIRI YASIYOHESABIWA

Shairi la msiba halihesabiwi siku ile linapowekwa. Mtu amempoteza mama yake, mizani saba au tisa si habari. Mjibu kwa pole, au kwa ubeti mmoja wa pole. Akirudi baada ya wiki kadhaa akasema anataka kulitengeneza kwa ajili ya arobaini, hapo kaa naye.

Shairi huru nalo lisipimwe kwa mizani. Ugomvi wa miaka ya 1970 kati ya wanamapokeo, walioshikilia vina na mizani, na wanamabadiliko, waliotetea shairi huru, umekwisha kuchosha wengi, na kulirudia "hili si shairi" chini ya kila kazi isiyo na vina hakumfundishi mtu kitu. Lina mizani yake ya aina nyingine. Uliza: kwa nini mstari umekatwa hapa? Ukiuunganisha na unaofuata, kuna kinachopotea? Kama hakuna, ile ni nathari iliyovunjwa vipande, mwambie hivyo na umwonyeshe mstari. Tazama pia neno linalorudiwa: kila linaporudi, limekuja na jambo jipya au limerudi mikono mitupu?

UKIKOSOLEWA WEWE

Usieleze shairi lako kabla hujaulizwa. Ukieleza mapema, hutajua kama lingeeleweka bila maelezo, na hicho ndicho ulichotaka kukijua. Andika "nimepokea" na usubiri watu wawili. Wawili wakikwama pahali pamoja, pana kasoro hata kama sababu zao hazilingani. Akikwama mmoja peke yake, lipime ulione, unaweza kuliacha. Ukirekebisha, weka toleo jipya zima, liandike "Toleo la 2" kwenye kichwa, na uliache la kwanza lisomeke. Wanaojifunza hufaidika zaidi kwa kuyaona mawili yakiwa bega kwa bega.

JINA NA HAKI

Mashairi husambazwa, na jina la mtunzi hudondoka njiani, kwa kuwa limeandikwa chini na mtu amenakili beti tu. Watunzi wa zamani walilitia jina ndani ya ubeti wa mwisho, na mbinu hiyo bado haijapata mpinzani: kulitoa jina ni kuvunja mizani. Kwa lakabu ya mfano:

Kaditama natuama, ndimi Mwana wa Kisima

Anayetaka kuiba itabidi apate jina jingine lenye idadi ile ile ya silabi na kina kile kile, au auache ubeti mzima.

Hakimiliki, Kenya na Tanzania, huanza pale kazi inapoandikwa, hata bila kusajiliwa. Kinachosumbua ni ushahidi, kwa hiyo tunza shairi kwenye barua pepe uliyojitumia mwenyewe siku ulipolimaliza. Jibu ulilotungiwa si lako, na ubeti wa mwenzako ulioutilia takhmisa si wako. Ukikusanya diwani ukataka kuingiza malumbano, tafuta idhini ya kila aliyejibu, kwa maandishi, na majina yachapishwe juu ya kila shairi.

Ukikuta shairi lako lina jina la mtu mwingine, anza kwa kumwandikia pembeni. Mtumie picha ya ujumbe wa kwanza yenye tarehe, na umwombe arekebishe ndani ya siku mbili. Wengi hawakuiba, walilipokea likiwa halina jina wakaweka la aliyewatumia.